Gari la Mchoroni na Gari la Njiani

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kuletewa na walimu habari za kazi zilizofanikiwa. Leo sisi twaleta habari ya kazi tuliyoikosea. Tumeona yafaa kuiandika, kwa kuwa kosa lenyewe halikutokana na uvivu, wala na kutojua hesabu. Hesabu zetu zilikuwa sawasawa, na mtu akizirudia leo atapata majibu yale yale. Lakini kwa hesabu hizo zilizo sawa tulikaribia kumtia mtaroni mama mjamzito, pamoja na mkunga wake na dereva.

Sisi twafundisha mitambo katika chuo cha ufundi, huku bara, mahali ambapo lami huishia mbali na barabara ya vumbi huendelea. Kila mwaka tufikapo katika somo la springi na shokomzoba, twaona jambo moja. Wanafunzi wayajua majina ya vyombo hivyo na mahali pake, na waweza kuvifungua na kuvifunga tena bila kusahau hata nati moja. Lakini ukiwauliza kwa nini gari ambalo shokomzoba zake zimekufa huendelea kunesanesa baada ya kuvuka shimo, hujibu, "Kwa sababu zimekufa." Jibu hilo ni la kweli, ila halimfundishi mtu neno. Ndipo tulipoazimia kuwaonyesha mambo hayo kwa kompyuta.

Ziko programu ambazo kazi yake ni kuiga mwendo wa mitambo. Ndani yake mtu haandiki maneno mengi, bali huchora visanduku na kuviunga kwa mistari. Kila kisanduku kina kazi yake moja: hiki hujumlisha, hiki huzidisha, hiki hulimbikiza, na hiki huonyesha matokeo kwa mstari unaopanda na kushuka. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Simulink, ya kampuni ya MathWorks ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984. Iko nyingine iitwayo Xcos, imo ndani ya Scilab, ambayo asili yake ni taasisi ya utafiti ya INRIA huko Ufaransa. Hiyo hutolewa bure, na kwa sababu hiyo ndiyo tuliyoitumia.

Wazo la visanduku hivi ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe. Mwaka 1876 mwanachuoni William Thomson wa Uingereza, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa akitafakari chombo kilichobuniwa na ndugu yake James, chombo cha sahani, tufe na mcheduara, kilichoweza kulimbikiza kiasi kinachobadilika-badilika. Akaona kwamba vyombo viwili vya namna hiyo vikiungwa, na matokeo ya cha mwisho yakarudishwa mwanzoni, mtambo utalazimika kujijibu wenyewe. Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla wazo hilo halijatimizwa sawasawa. Vannevar Bush na wenzake, katika chuo cha MIT huko Marekani, walieleza mwaka 1931 mtambo mkubwa wa vyuma na magurudumu ulioifanya kazi hiyo. Visanduku tuvichoravyo leo kwenye kioo ni wajukuu wa magurudumu yale.

Sasa tueleze mchoro wetu, maana bila kuufahamu msomaji hataliona kosa. Hatukuchora gari zima. Mafundi wengi huanza kwa kuchora robo yake, yaani gurudumu moja na sehemu ya bodi iliyo juu ya gurudumu hilo. Tulichukua bodi ya kilo 500, na chini yake gurudumu na sehemu yake ya ekseli, kilo 60. Katikati ya bodi na gurudumu tuliweka springi na shokomzoba. Chini ya gurudumu tuliweka springi ya pili iliyo ngumu sana, ambayo ni tairi lenyewe, kwa sababu tairi lililojaa upepo nalo hubonyea likarudi.

Springi hufuata kanuni aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba kadiri uivutavyo au uibonyezavyo, ndivyo nayo ishindanavyo nawe. Springi yetu tuliipa ugumu wa nyutoni 30,000 kwa kila mita, na tairi nyutoni 240,000. Shokomzoba haina habari na umbali, bali yautazama mwendo tu. Ukiisukuma pole pole hutii, ukiisukuma kwa nguvu hukataa, maana mafuta yaliyo ndani yake hupita katika vitundu vyembamba. Yetu tuliipa ukali wa nyutoni 2,000 kwa kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde.

Baada ya hapo kazi ni ya Newton. Kani zote zilizo juu ya bodi hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa kilo zake, nasi hupata mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua. Mchapuko huingia katika kisanduku cha kulimbikiza. Kisanduku hiki wanafunzi wetu walikifahamu tulipokifananisha na mtungi uliowekwa chini ya bomba: maji hutiririka kidogo kidogo, na mtungi huweka hesabu ya yote yaliyokwisha kuingia. Mchapuko ukilimbikizwa huwa mwendo, na mwendo ukilimbikizwa huwa umbali. Bodi yahitaji mitungi miwili, na gurudumu miwili, jumla minne.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza swali la kuku na yai. Ili kujua kani ya springi, yapasa kujua bodi iko wapi. Na ili kujua bodi iko wapi, yapasa kujua kani ya springi. Kipi kitangulie? Jibu ni lile la Kelvin: mstari unaotoka kwenye mtungi wa mwisho hurudishwa mwanzoni. Kompyuta huenda kwa hatua ndogo ndogo za wakati. Hutumia mahali bodi ilipo sasa kutafuta kani ya sasa, na kwa kani hiyo hutafuta mahali itakapokuwa punde kidogo, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari.

Siku ya kwanza tulipoliendesha gari letu la mchoroni, liliruka juu likapotea mbinguni. Darasa zima lilicheka. Tulichungua, tukakuta kwamba mahali pamoja tuliandika alama ya kujumlisha palipotakiwa alama ya kutoa. Springi yetu ikawa kadiri ilivyobonyezwa ndivyo ilivyozidi kujikunja, badala ya kusukuma nje. Kompyuta haikunung'unika hata kidogo. Ilifanya kama ilivyoambiwa. Kosa lile tulilirekebisha kwa dakika moja, kwa kuwa lilikuwa kosa lenye kupiga kelele.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mema. Tulilipandisha gari juu ya kizingiti cha sentimita 5, tukaona mstari wa bodi ukipanda, ukipita kiasi, ukirudi, na kutulia katika muda wa sekunde 2 hivi. Tuliondoa shokomzoba kabisa, na mstari ukawa unapanda na kushuka bila kikomo, zaidi kidogo ya mara 1 kila sekunde. "Kumbe!" wakasema wanafunzi. Neno hilo moja ni mshahara wa mwalimu, nasi tulilipokea kwa furaha. Labda tulilipokea kwa furaha iliyozidi.

Habari za somo letu zilienea, zikafika kwa wazee wa kamati ya zahanati iliyo jirani nasi. Zahanati hiyo ina gari moja la kuwachukua wagonjwa kwenda hospitali, na sehemu kubwa ya njia ni ya vumbi. Wakati wa kiangazi njia hiyo hufanya mikunjo kama ya bati, safu baada ya safu, na wagonjwa huteseka sana. Kamati ilikuwa imepewa shokomzoba mpya za namna ambayo fundi aweza kuzikaza au kuzilegeza kwa kuzungusha kifundo kilicho ubavuni. Wazee wakatuandikia barua ya heshima, wakituuliza zikazwe kwa kiasi gani, "ili mama zetu wasiumie njiani."

Tulijiona tumepewa heshima kubwa. Tulikwenda na wanafunzi barabarani, tukapima mikunjo kwa utepe. Kutoka mgongo hadi mgongo ilikuwa sentimita 75, na kina chake kutoka mgongo hadi bonde sentimita 3. Tukauliza gari huenda mwendo gani mahali hapo palipo wazi, tukaambiwa kilometa 60 kwa saa. Kwa mwendo huo gurudumu hukutana na mikunjo mara 22 kila sekunde. Tukayatia hayo yote katika mchoro, tukatazama mstari wa bodi.

Jibu lilikuja bila wasiwasi wowote. Kwa shokomzoba yenye ukali wa 2,000, bodi ilitikiswa kwa mchapuko uliozidi kidogo mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Tulipoilegeza mpaka 1,000, mtikiso ulipungua ukawa nusu. Sababu yake yaeleweka kwa urahisi: mikunjo ipitapo kwa haraka namna ile, shokomzoba kali haiwahi kutii, bali huwa kama fimbo ya chuma inayolipeleka kila pigo la gurudumu moja kwa moja kwenye bodi. Ilegeze, na pigo hufia njiani. Tuliona pia kwamba baada ya kuvuka kizingiti, gari lililolegezwa lilichukua muda maradufu kutulia. Lakini tukaambiana kwamba kunesa pole pole hakumwumizi mtu. Hata wenye ilimu waliopima miili ya watu wamekuta kwamba mtikiso wa juu na chini umwumizao zaidi mtu aliyeketi ni ule wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na kunesa kwetu kulikuwa mbali na kiasi hicho.

Basi tukaandika barua. Tuliiandika vizuri, tukaichapa, tukaambatisha picha za mistari, na chini yake tukatia sahihi. Tulishauri shokomzoba zote nne zilegezwe. Kazi ikafanyika siku ya pili yake.

Siku chache baadaye mzee dereva wa zahanati alikuja chuoni kwa miguu. Tulimkaribisha kiti, naye akakaa kwanza bila kusema. Kisha akatuambia ya kwamba usiku uliopita alikuwa akimpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Katika njia iliyonyoka gari lilikwenda kwa raha kuliko siku zote, hata mkunga akashukuru. Lakini walipofika kwenye kona iliyo juu ya korongo, pahali penye mikunjo mingi, sehemu ya nyuma ya gari iliteleza kwenda kando kana kwamba barabara imemwagiwa mtama. Usukani ulikuwa mkononi mwake, asema, lakini gari halikuwa mkononi mwake. Lilisimama gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro. Mungu ni mwema, hapana aliyeumia, na mtoto alizaliwa salama hospitali alfajiri.

Sasa yatupasa kuungama jambo. Neno la kwanza lililotutoka halikuwa pole. Tulimwuliza, "Ulikuwa ukienda mwendo gani?" Tuliuliza tukitumaini atataja mwendo mkubwa, ili kosa liwe lake. Naye akajibu kwa upole, "Thelathini, Mwalimu, au pungufu. Nilikwisha kupunguza kwa ajili ya kona."

Tukanyamaza. Kisha akaongeza: "Mikunjo ile ina mwendo wake. Ukienda kwa kasi, gari hupita juu ya migongo yake. Ukienda pole kabisa, gari hupanda na kushuka kama mtumbwi. Lakini hapo katikati ndipo gari huchezacheza. Hata zamani lilikuwa likicheza kidogo pale konani, nami nilijua jinsi ya kulishika. Sasa limezidi."

Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia hayo siku tulipopima barabara?"

Akasema, "Hamkuniuliza, Mwalimu."

Tulirudi darasani siku ile ile, tukawaeleza wanafunzi habari yote bila kuficha. Ilitupasa, maana wao ndio walioshika utepe barabarani, na sahihi yetu ilikuwa juu ya kazi yao. Tukaliendesha tena gari la mchoroni mbele yao, kwa mwendo wa kilometa 29 kwa saa, maana hapo mikunjo huligonga gurudumu karibu mara 11 kwa sekunde. Tulichagua kiasi hicho kwa sababu ndicho kiasi ambacho gurudumu la kilo 60, lililobanwa katikati ya springi yake na tairi, hupenda kucheza lenyewe likiachwa huru. Kila kinachoning'inia kina mpigo wake. Mtoto aliye kwenye bembea ukimsukuma kwa mpigo wake, hupanda juu hata kama mkono wako ni mdogo.

Mstari wa bodi haukuonyesha tofauti kubwa kati ya shokomzoba kali na iliyolegea. Tukakaribia kusema kwamba hapana kitu. Lakini mlikuwa na binti mmoja katika darasa, ambaye kwa kawaida husema kidogo, naye alikuwa amechukua kisanduku cha pili cha kuonyesha akakiunga chini, mahali tairi linapokutana na barabara. Alitazama mstari wake kwa muda, kisha akauliza:

"Mwalimu, samahani. Hili tairi letu limebandikwa barabarani kwa gundi?"

Tulitazama, tukaona haya. Gari likisimama tu, uzito wa kilo 560 hulibonyeza tairi milimita 23. Hiyo ndiyo akiba yote tairi liliyo nayo. Gurudumu likirushwa juu ya kiasi hicho, tairi huachana na ardhi, na tairi lililoachana na ardhi haliwezi kushika kona wala breki. Sasa kwa shokomzoba ya ukali wa 2,000, mchoro ulisema tairi linakwenda juu na chini kwa milimita 31 hivi kila upande, tayari limepita akiba yake. Huko ndiko kucheza kidogo alikokuzoea mzee. Kwa shokomzoba tuliyoishauri sisi, mchoro ulisema milimita 55. Katika mchoro hapakutokea neno la kutisha, kwa sababu springi tuliyoiita tairi ilikuwa na uwezo wa kusukuma na wa kuvuta pia. Kila gurudumu liliporuka, springi ile ililivuta chini, likarudi kwa adabu. Lakini hakuna tairi duniani livutalo barabara. Gari letu la mchoroni lilikuwa kweli limebandikwa kwa gundi, na gundi hiyo tuliitia sisi wenyewe bila kujua, siku tulipoandika nyutoni 240,000 tukaona kazi imekwisha.

Wasomaji na watazame jinsi makosa haya mawili yalivyotofautiana. Kosa la alama lilirusha gari mbinguni, kila mtu akaliona akacheka. Kosa hili la pili lilikaa kimya, likatupa mstari mzuri uliolainika, nasi tukauchapa na kuutia sahihi. Tena tulipima mwendo mmoja tu, kilometa 60; wala hatukufikiri kwamba gari liendalo 60 halina budi kupita katika 30 kila lipunguzapo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mzee wetu alipunguza mwendo kama mtu mwenye busara, na katika kupunguza huko ndipo alipoingia katika mtego tuliomtegea.

Twakumbuka habari ya gari la Citroën 2CV, lililoonyeshwa Paris mwaka 1948. Husimuliwa kwamba waliolibuni walitakiwa kutengeneza gari litakaloweza kuchukua kikapu cha mayai kupita katika shamba lililolimwa, lisivunje hata moja. Sisi tulihesabu mayai peke yake, tukasahau kwamba kikapu chapaswa kufika.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kuandika barua nyingine. Ya kwanza ilituchukua jioni moja. Hii ilituchukua siku mbili, ingawa ilikuwa fupi. Tuliandika kwamba ushauri wetu ulikuwa na kosa, kwamba dereva hana lawama yoyote, na kwamba gari lisipite konani pale mpaka shokomzoba zikazwe tena. Hatukuituma kwa mtoto, tuliipeleka wenyewe. Mwenyekiti wa kamati aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Tumeelewa, Mwalimu." Hakusema zaidi, na sisi hatukuwa na la kuongeza.

Kisha tukautengeneza mchoro. Tuliweka kisanduku kimoja zaidi, chenye kazi ya kuikata kani ya tairi isishuke kamwe chini ya sifuri: tairi lisukume, lisivute. Tena tukaagiza kwamba mistari miwili itazamwe pamoja daima, wa bodi na wa tairi, na kila jaribio lianze kwenye kilometa 10 mpaka 80. Safari hii mzee dereva alikuwa ameketi darasani, kwa mwaliko wetu.

Yaliyopatikana ni haya. Tukiikaza shokomzoba mpaka 3,000, tairi hukaribia kubaki ndani ya akiba yake hata kwa mwendo ule mbaya wa 29. Lakini katika njia iliyonyoka, kwa kilometa 60, mtikiso wa bodi hupanda mpaka mita 3 hivi kwa sekunde kwa sekunde, karibu mara tatu ya ule wa 1,000. Kwa hiyo hakuna kifundo kitakachoturidhisha kwa yote mawili. Amtafutiaye mgonjwa ulaini humpunguzia dereva mshiko. Ampaye dereva mshiko humtikisa mgonjwa. Wahandisi wa magari duniani wamelijua jambo hili siku nyingi, na magari mengine ya gharama hubadilisha ukali wa shokomzoba yenyewe kwa yenyewe njiani. Gari la zahanati halina ufundi huo. Lina dereva.

Wanafunzi walimgeukia mzee, wakamwuliza afanyavyo. Akasema kwamba yeye hupunguza mapema, kabla mikunjo haijaanza, mpaka chini ya kilometa 20, ili asikae katika ule mwendo wa katikati hata kidogo. Tukaujaribu mwendo wa kilometa 15 katika mchoro. Mstari wa tairi haukufika hata nusu ya akiba. Bodi ilitikisika, ni kweli, tena kwa mpigo unaomsumbua mtu, lakini gurudumu halikuiacha ardhi. Binti yule akasema, "Basi mzee alikuwa na mchoro wake." Mzee akacheka, akasema kwamba mchoro wake umemgharimu tairi nyingi.

Mwishoni tulishauri pamoja naye: shokomzoba zikazwe, mgonjwa alazwe juu ya godoro nene, na kwenye mikunjo mwendo ushuke mapema. Ushauri huu ulikwenda ukiwa na sahihi mbili, yetu na yake. Gari laendelea na kazi hadi tuandikapo haya.

Ndugu walimu, hatuandiki ili mwache kompyuta. Sisi tungali tunaitumia, na bila mchoro ule tusingejua hata leo kwa nini gari liliteleza. Tungesema ni vumbi, au ni usiku, au ni uzee wa dereva. Mchoro ndio uliotukosesha, na mchoro ndio uliotusahihisha, baada ya kuulizwa swali lililopasa. Lakini kompyuta haimwambii mtu swali alilolisahau. Hilo hutoka kwa mtu, na mara nyingi kwa yule ambaye hatukufikiri kumwuliza: mwanafunzi anyamazaye nyuma ya darasa, au mzee aliyeshika usukani huo miaka mingi.

Siku hizi, kabla wanafunzi wetu hawajachora kisanduku chochote, twawatuma kwanza kwenda kuongea na mtu anayekitumia chombo wanachotaka kukichora, na kurudi na maneno yake yameandikwa. Juu ya ukuta wa darasa tumebandika barua zetu zote mbili, ile ndefu yenye picha na ile fupi. Wageni wakija huuliza kwa nini hatukuiondoa ile ya kwanza. Tunawaachia wanafunzi wajibu.